Wapenda baiskeli za milimani, ogopeni mteremko kuliko mwinuko

Msomaji, kama wewe ni mkazi wa mjini na kazi yako ni ya kuketi kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, basi huenda daktari amekwisha kukuambia ufanye mazoezi. Ulimwitikia, ukatoka na dawa zako, na mpaka leo mazoezi yenyewe ni kupanda ngazi siku ile lifti inapoharibika.

Ukisema utanunua baiskeli, watu wa nyumbani watakucheka. Utaiendesha wapi? Barabara ya Thika? Waiyaki Way, katikati ya matatu, malori na bodaboda? Hofu yao ina msingi. Lami ya miji yetu haikujengwa kwa kumfikiria mtu wa baiskeli, na moshi anaouvuta nyuma ya lori la mchanga haumjengi mapafu hata kidogo.

Lakini kando ya lami hiyo kuna barabara nyingine nyingi ambazo mtu wa gari huziepuka: barabara za changarawe na murram zinazopita katikati ya majani-chai, misitu, mashamba ya viazi na nyanda za juu za baridi zenye nyasi na ukungu. Huko magari ni machache na hewa ni safi. Katika miaka ya karibuni mchezo wa kuendesha baiskeli katika njia za namna hii umeenea sana duniani, na Kenya haikubaki nyuma. Tangu Juni 2021 yamekuwa yakifanyika mashindano ya Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara, ambapo waendeshaji hupita kwenye changarawe, vumbi na mawe kwa siku nne mfululizo. Na kabla ya jina la mchezo huu kujulikana, vijana wa David Kinjah katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu, walikuwa wakizizungukia njia hizo hizo. Miongoni mwao alikuwa kijana mmoja mzaliwa wa Nairobi aitwaye Chris Froome, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne, mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017.

Wewe hutafuti Tour de France. Unachotafuta ni shinikizo la damu lishuke, suruali ikae vizuri kiunoni, na usiku ulale usingizi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Safari mbili za baiskeli za saa moja na robo kila moja zinakufikisha kwenye kiwango cha chini. Na mazoezi ya wastani ni yapi? Ni yale ambayo ukiyafanya unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukiwa unaweza kuimba, ongeza bidii. Ukiwa huwezi hata kumjibu mwenzako kwa sentensi moja, punguza, maana unamzidishia moyo mzigo ambao bado hajauzoea.

Baiskeli yenyewe

Usidhani kwamba lazima uwe na ile baiskeli ya bei ya pikipiki. Baiskeli ya changarawe kwa kweli ni baiskeli ya mashindano iliyopewa magurudumu mapana zaidi, breki zenye nguvu na gia nyepesi za kupandia milima. Kama unayo baiskeli ya milimani ya mitumba ambayo breki zake zinashika na gia zake zinabadilika, inatosha. Black Mamba ya mzee kijijini nayo itakufikisha mahali tambarare, lakini haina gia, na breki zake za vyuma si za kuaminiwa kwenye mteremko mrefu. Sisemi haya kuidharau. Imebeba maziwa, magunia na wagonjwa wa nchi hii kwa miaka mingi kuliko ambulensi.

Jambo ambalo wageni wengi hulikosea ni upepo wa magurudumu. Fundi wa mtaani atajaza tairi mpaka liwe gumu kama jiwe, akidhani anakufanyia hisani. Kwenye lami sawa. Kwenye changarawe tairi gumu hurukaruka, hupoteza mshiko, na kila mtikisiko huupitisha kwenye viganja, mabega na uti wa mgongo. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la upana wa milimita 40, pauni 35 hivi zinatosha. Mzito aongeze kidogo.

Chagua njia kwa kuupima mwili wako

Anzia Karura. Msitu huu ulio ndani ya jiji la Nairobi una zaidi ya hekta 1,000, una njia zinazoruhusiwa baiskeli, na ukichoka huwi mbali na lango. Ndio msitu ule ambao Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa Januari 1999 wakiupigania usinyakuliwe. Mtu anayetaka kujua kama goti lake la zamani litamruhusu kuendesha, au kama kiti cha baiskeli kimewekwa kwa urefu unaofaa, ajifunzie hapa. Kipimo cha urefu ni rahisi: ukiwa umeketi, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama upande, kiti kiko sawa. Kiti kilicho chini mno ndicho kinacholeta maumivu ya mbele ya goti ambayo watu husingizia uzee.

Ukishazoea Karura, panda Limuru. Kati ya Banana, Tigoni na Limuru kuna vijia na barabara za udongo zinazopita katikati ya majani-chai, mwinuko baada ya mwinuko, na ukifika Limuru mjini uko kwenye mita kama 2,200 juu ya usawa wa bahari. Njia nyingine hupita ndani ya mashamba ya watu binafsi, kwa hivyo omba ruhusa na ukikataliwa rudi kwa heshima. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu hugeuka sabuni. Siku kama hizo usilazimishe. Gurudumu la mbele likiteleza huna muda wa kufanya lolote, na mkono unaonyooshwa kuuzuia mwili ndio unaovunjika kifundo au mfupa wa bega.

Njia ya tatu ni Hell's Gate, karibu na Naivasha. Hii ni mojawapo ya mbuga chache za kitaifa nchini ambazo mtu huruhusiwa kuzunguka kwa baiskeli, na baiskeli za kukodi zinapatikana karibu na lango la Elsa. Kutoka langoni hadi kwenye korongo ni kama kilomita saba au nane, njia ni pana, na utapita pundamilia, swara na twiga bila kioo cha gari kati yenu. Nyati wapo pia. Ukiwaona, simama mbali na usubiri waondoke, usijaribu kuwapita kwa kasi. Ukirudi, njia inapanda kidogo kidogo na jua la adhuhuri linakuwa juu ya kichwa. Wengi huondoka langoni wakipiga kelele za furaha na kurudi wakiisukuma baiskeli, midomo imekauka, kwa sababu walibeba chupa moja ya maji kwa watu wawili.

Hapo korongoni kuna hatari ambayo lazima niitaje. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa na maji ndani ya korongo hilo wakafa. Septemba 2019 watu wengine saba walikufa vivyo hivyo. Maji yale si lazima yatokane na mvua inayokunyeshea wewe. Mvua hunyesha juu, mbali, wewe ukiwa chini kwenye jua, kisha maji yanakuja kwa ghafla ndani ya mfereji wa mawe usio na mahali pa kupandia. Ukiona wingu zito upande wowote wa milima, baki juu na baiskeli yako. Na walinzi wakisema korongo limefungwa, usitafute kijana wa kukupitisha njia ya panya.

Kinangop, penye baridi

Sasa tufike kwenye nyanda za juu zenyewe, maana ndiko kila mwendeshaji aliyeonja Limuru hutamani kwenda. Ukipanda kutoka barabara kuu ya Nakuru pale Flyover ukaelekea Njabini, unatokea kwenye uwanda wa Kinangop. Mkono wa kulia umesimama mlima wa Aberdare, mkono wa kushoto nchi inakatika na kushuka hadi Bonde la Ufa. Barabara kubwa inayokwenda Engineer na Ndunyu Njeru ina lami, lakini vijia vinavyochepuka pande zote mbili ni vya murram na udongo: mashamba ya viazi na kabeji, ng'ombe wa maziwa, mikokoteni ya punda, na pale ambapo jembe halijafika, manyasi marefu yaliyolowa umande. Kutoka Njabini unaweza kwenda polepole hadi Bwawa la Sasumua, ambalo pamoja na lile la Ndakaini hulipatia jiji la Nairobi maji. Ukilitazama utajua kwa nini mvua ya Kinangop ni habari ya mtu wa Umoja na Kayole.

Juu zaidi, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, kuanzia mita 3,000 hivi, msitu na mianzi huisha na nyanda za baridi zenyewe huanza: nyasi za vichungu, malobelia marefu kama watu, ukungu unaoingia na kutoka. Barabara ya kutoka Ndunyu Njeru hadi lango la Mutubio inakufikisha mlangoni mwa nchi hiyo. Lakini ndani kuna tembo, nyati na chui, na ukungu ukishuka huoni mita ishirini mbele. Usiingie na baiskeli bila kuuliza maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na kupata ruhusa yao. Nje ya ua wa umeme unaouzunguka mlima huo, raha ni ileile na hakuna tembo wa kukushtua kwenye kona.

Je, mwili wako utaipokeaje Kinangop? Nairobi iko kwenye mita kama 1,700. Njabini iko karibu na 2,600. Katika mwinuko huo, kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa kama robo ukilinganisha na pwani. Mkazi wa Nairobi amezoea upungufu wa kiasi fulani, kwa hivyo ataona tu kwamba anatweta mapema kuliko kawaida. Lakini ndugu yako aliyekuja likizo kutoka Mombasa jana jioni hajauzoea hata kidogo. Ukimpandisha Kinangop asubuhi inayofuata, usishangae akilalamika kichwa kinamgonga, tumbo linamchafuka na miguu imeisha nguvu. Hiyo si uvivu. Ni mwili kukosa hewa ya kutosha, na dawa yake ni kupumzika, na kama haimwachi, kumshusha chini. Kumpa tembe za kichwa ili aendelee kupanda ni kumdhuru.

Hesabu nyingine ni ya baridi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita au saba hivi. Kama Nairobi asubuhi ya Julai ni nyuzi 12, Njabini ni sita au chini yake, na wakulima wa huko wanaifahamu vyema sakitu inayochoma viazi usiku. Wakati huohuo jua la huko ni kali kuliko unavyohisi, kwa kuwa miale inayounguza ngozi huongezeka kwa kama asilimia kumi kila mita 1,000. Mtu anaweza kurudi nyumbani akiwa ametetemeka asubuhi na kuungua pua mchana.

Kushuka

Wengi wanaokwenda milimani kwa mara ya kwanza hujiandaa kwa kupanda. Wanauliza kama moyo utahimili, kama miguu itafika. Ni maswali mazuri, lakini kupanda kuna rehema yake: ukichoka unashuka unasukuma, na hakuna aliyewahi kuvunjika fuvu akisukuma baiskeli mlimani. Hatari kubwa iko kwenye kushuka.

Fikiria umepanda kwa saa nzima. Fulana imelowa jasho. Unafika juu, unafurahi, unageuka. Sasa miguu haifanyi kazi, kwa hivyo mwili hautengenezi joto, na upepo wa kilomita 40 kwa saa unakupiga kifuani penye jasho. Dakika chache tu na vidole vimekufa ganzi. Vidole hivyohivyo ndivyo vinavyotakiwa kushika breki. Mtu hutetemeka, usukani nao unatetemeka, akili inakuwa nzito, na kona ndiyo hiyo imefika.

Kwa hivyo ukifika juu, simama kabla hujashuka. Vaa jaketi la kuzuia upepo. Vaa glavu za vidole vizima. Waendeshaji wa zamani wa Ulaya walikuwa na hila moja isiyogharimu kitu: waliingiza gazeti ndani ya fulana, likakaa kifuani kuzuia upepo. Hila hiyo bado inafanya kazi, na sisi tunaochapisha magazeti hatuna sababu ya kuipinga, ilimradi uwe umekwisha kusoma.

Breki nazo zina adabu yake. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, maana breki ya ghafla ndani ya kona yenye changarawe iliyolegea hulichukua gurudumu na kukuacha hewani. Tumia breki zote mbili, ya mbele kwa upole. Rudisha makalio nyuma, inua mwili kidogo kutoka kwenye kiti, pedali zikae sawa upande wa mbele na nyuma, magoti na viwiko vilegee. Macho yatazame mbali, pale unapotaka kwenda, si kwenye lile jiwe unaloliogopa. Ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde. Punda akitokea nyuma ya ua wa mti, sekunde mbili za kushangaa ni mita 22.

Usijidanganye kwamba ustadi unatosha. Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji bora waliopata kutoka nchi hii, alianguka akiwa kwenye mwendo wa kasi katika mashindano ya changarawe ya Vermont Overland huko Marekani, Agosti 27, 2022, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33. Kama changarawe haikumwacha mtu aliyeifanya kuwa kazi yake, mimi na wewe tunaoendesha Jumamosi tu tuna kila sababu ya kushuka kama wazee.

Helmeti haina mjadala. Ikae chini hadi vidole viwili juu ya nyusi, na kamba ikaze chini ya kidevu. Ikishagongwa mara moja, tupa, hata kama huoni ufa. Na mwenzako akianguka akagonga kichwa, kisha akaanza kutapika, kuuliza swali lilelile mara tatu, kusinzia au kulalamika kuwa kichwa kinazidi kuuma, hapandi tena baiskeli siku hiyo. Apelekwe hospitalini, hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Mtu aliyegongwa ubongo ndiye wa mwisho kujua.

Nani amwone daktari kwanza?

Kuwa na shinikizo la damu hakukukatazi baiskeli. Kinyume chake, baiskeli ni sehemu ya tiba. Lakini kipimo kikiwa 180 kwa 110 au zaidi, subiri kwanza kidhibitiwe. Kama unatumia tembe za kuongeza mkojo, utakaukiwa maji upesi kuliko wenzako. Kama unatumia zile za kupunguza mapigo ya moyo, kama vile atenolol, usitegemee saa ya mkononi kukuonyesha unavyojitahidi, kwa kuwa mapigo yako yamefungwa breki na dawa. Tumia kile kipimo cha kuzungumza.

Mwenye kisukari anayejidunga insulini, au anayemeza dawa kama glibenclamide, anapaswa kujua kwamba misuli inayofanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu, na sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Pima kabla ya kuondoka. Ikiwa chini ya 5, kula kwanza. Weka peremende au glukosi mfukoni, si ndani ya mkoba uliofungwa vifundo vitatu, na mwambie mwenzako ishara zake: kutetemeka, kutoka jasho la ghafla, kuropokwa au kuwa mkali bila sababu.

Mwenye pumu abebe pampu yake, maana hewa baridi na kavu ya asubuhi hubana kifua. Na mwenye ugonjwa wa selimundu, tafadhali, usiende Kinangop kwa kuwafuata marafiki. Baridi, ukosefu wa maji na hewa nyembamba ni mambo matatu yanayoamsha maumivu yake, na pale juu yote matatu yako pamoja. Karura inakutosha, baada ya kuzungumza na daktari wako.

Kwa mtu yeyote, maumivu au uzito kifuani unaopanda hadi taya au mkono, kutweta kusikopungua ukipumzika, au kizunguzungu cha kutaka kuzirai, ni ishara ya kusimama papo hapo na kutafuta msaada. Nambari za dharura ni 999 na 112. Kumbuka kwamba katika mabonde ya Aberdare simu hupotea, kwa hivyo usiende peke yako, na umwachie mtu wa nyumbani jina la njia unayopita na saa unayotarajia kurudi.

Mbwa, vidonda na viganja

Kila boma la Kinangop lina mbwa, na kila mbwa anaamini kwamba baiskeli ilikuja kumwibia. Kumkimbia mbwa ni kumwalika. Shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, zungumza kwa sauti ya kawaida na utembee taratibu hadi apoteze hamu. Akikuuma au hata kukukwaruza kwa meno, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitalini siku hiyohiyo ukadungwe chanjo ya kichaa cha mbwa, na urudi kwa sindano zote utakazopangiwa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Vidonda vya kuanguka navyo huingia changarawe na mavi ya mifugo. Osha mpaka mchanga wote utoke, hata kama inauma, na uulize ni lini ulidungwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho.

Ganzi ya vidole viwili vya mwisho vya mkono hutokana na kukandamizwa kwa mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja. Badilisha mshiko kila baada ya dakika chache na usiukalie usukani kama unaegemea meza. Ganzi ya sehemu za siri, ambayo wanaume huionea haya kuitaja, ni onyo kwamba kiti kimeinuka mbele au hakikufai. Kiweke sawa, simama juu ya pedali mara kwa mara, na ikiendelea badilisha kiti. Usiivumilie.

Kuhusu chakula, huhitaji vile vibandiko vya bei ghali vya dukani. Nduma au viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi mbili, na chai ya maziwa na mandazi kwenye hoteli ya Njabini vitakufikisha. Maji ni nusu lita hadi robo tatu lita kwa kila saa, hata kama baridi inakufanya usisikie kiu.

Epuka Aprili na Mei, wakati wa masika, na Novemba pia, maana njia za udongo za Kinangop wakati huo humeza gurudumu hadi ekseli. Januari na Februari ni miezi mizuri. Ukianza leo, endesha Karura kwa wiki nne, mara mbili kwa wiki. Wiki nne zinazofuata nenda Limuru kila Jumamosi, na katikati ya wiki uendelee na Karura. Ukiona unapanda kutoka Banana hadi Tigoni huku ukizungumza na mwenzako, basi uko tayari kwa Sasumua. Ondoka Njabini baada ya saa tatu asubuhi, ukungu ukishapanda, na uwe umerudi hapo kabla ya saa tisa, kwa kuwa mvua ya milimani hupenda alasiri. Zungumza na utingo mapema kuhusu nauli ya baiskeli, kabla hajaifunga juu ya matatu.